Kishikio cha Gia: Uhakiki wa Kipande Kidogo

Katika lugha yetu neno uhakiki limezoea kukaa karibu na riwaya, tamthilia na mashairi, kana kwamba vitu vingine vyote tumevisamehe. Mtu akiandika kitabu kibaya tunamwandama kwa kurasa kumi. Mtu akibuni bawaba mbaya, bomba baya au kiti kibaya, tunanunua, tunalalamika kimya kimya, kisha tunanunua kingine. Siioni haki ya jambo hilo. Kitu kilichobuniwa nacho ni kauli. Aliyekibuni amekaa, amefikiri, ameamua nani atakitumia na nani atasahauliwa, na uamuzi wake umegandishwa katika chuma ambamo kila mwenye macho anaweza kuusoma. Basi msomaji aniwie radhi nikihakiki leo kipande cha aluminiamu kisichofika urefu wa kidole cha shahada, chenye uzito wa gramu ishirini au thelathini hivi, ambacho wengi wa wanaokimiliki hawajui kwamba wanacho mpaka siku kinapovunjika.

Nazungumzia kishikio cha gia ya nyuma katika baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana, ambazo siku hizi zimejaa katika masoko yetu ya mitumba. Ukiitazama baiskeli ya namna hiyo kwa nyuma, upande wa kulia, utaona mkono mdogo wenye vigurudumu viwili ukining'inia chini ya sproketi. Huo ndio mkono wa gia, kazi yake ni kuisukuma cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine. Mkono huo haukufungwa kwenye fremu yenyewe. Umefungwa kwenye kishikio, na kishikio ndicho kilichofungwa kwenye fremu, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, kwa bolti moja au mbili ndogo. Kwa maneno mengine, kati ya fremu ya mamia ya maelfu ya shilingi na mkono wa gia ambao nao si wa bei ndogo, amesimama mpatanishi mmoja mwembamba.

Wembamba huo haukutokea kwa bahati mbaya. Kishikio kimeundwa ili kivunjike.

Hapo ndipo sifa yake ya kwanza ilipo, nami sitaki kuipita haraka, kwa sababu mhakiki anayeanza na lawama aghalabu hajakielewa kitu. Zamani fremu zilikuwa za chuma, na sikio la kushikia gia lilikuwa sehemu ya fremu yenyewe. Mtaliano Tullio Campagnolo, ambaye mkono wake wa gia uitwao Gran Sport ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitengeneza pia vinywa vya fremu vilivyokuwa na sikio hilo, na tundu lake lenye hesi ya milimita 10 kwa hatua ya karibu milimita 1 ndilo tundu ambalo mikono mingi ya gia duniani inalitumia hadi leo. Chuma kina subira. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, sikio likapinda, fundi hulinyoosha. Likipinda tena, hulinyoosha tena. Zipo fremu za chuma zilizonyooshwa mara nyingi na bado zinatembea.

Aluminiamu haina subira hiyo. Ilipoanza kutumika kwa wingi katika fremu, miaka ya 1980 na hasa ya 1990, wabunifu walikabiliwa na swali gumu. Aluminiamu ikipinda na kunyooshwa hupoteza nguvu, na baada ya mara chache huchanika. Je, baiskeli nzima itupwe kwa sababu sikio moja limechanika? Jibu lao lilikuwa zuri kweli kweli: litenge sikio, lifanye liwe kipande peke yake, lifanye liwe laini kuliko kila kilicho jirani yake. Siku ya ajali kipande hiki ndicho kitakachokubali kipigo, na vingine vyote vitapona. Ni wazo lile lile la fyuzi ya umeme. Fyuzi ikiungua hatulii, tunashukuru kwamba nyumba haikuungua.

Nasema ni wazo zuri, na nalirudia, maana katika ubunifu wa viwanda ni nadra kukuta mtu amepanga mapema mahali pa kushindwa. Wengi hujifanya kwamba kitu chao hakitashindwa kamwe.

Lakini fyuzi ni fyuzi kwa sababu dukani iko fyuzi nyingine. Hapo ndipo kauli ya kishikio inapoanza kujipinga yenyewe. Kila kiwanda kilichora kishikio chake. Kimoja kikakipa umbo la jani, kingine la ndoano, kingine la herufi isiyojulikana. Hiki kinafungwa kwa ndani ya kinywa cha fremu, kile kwa nje. Hiki kina bolti moja, kile kina mbili, na umbali kati ya bolti hizo unatofautiana kwa milimita moja au mbili tu, kiasi kwamba jicho linakuambia vinafanana na bolti inakuambia haviingii. Mbaya zaidi, kiwanda kimoja kilikuwa na vishikio vingi tofauti, na baiskeli yenye jina moja ikabadilishiwa kishikio mwaka uliofuata bila mnunuzi kuambiwa. Iko kampuni huko Colorado, Marekani, iitwayo Wheels Manufacturing, ambayo sehemu kubwa ya umaarufu wake ni kutengeneza vishikio vya baiskeli za watu wengine. Orodha yake ina aina zinazohesabika kwa mamia. Msomaji hebu afikirie: mamia ya maumbo kwa ajili ya kazi moja, ya kuweka tundu moja la milimita 10 mahali fulani chini ya ekseli. Tundu lenyewe wote wamekubaliana. Kilichowashinda kukubaliana ni jinsi ya kulining'iniza.

Naomba nisieleweke kama mtu anayechukia wingi. Wingi wa kanga naupenda, kwa kuwa kanga inasema kitu. Wingi huu hausemi kitu. Sijaona hata hoja moja ya kiufundi inayoeleza kwa nini fremu mbili zenye ekseli ya aina moja na gurudumu la kipimo kimoja zihitaji vishikio viwili visivyobadilishana. Kila mchoraji alichora kana kwamba yuko peke yake duniani, na kana kwamba baiskeli yake itaishi na kufa katika mtaa wenye duka lake.

Baiskeli haziishi hivyo. Baiskeli ya milimani iliyouzwa Ujerumani au Uholanzi, ikishachokwa, hupakiwa kwenye kontena pamoja na wenzake na kuteremshwa Dar es Salaam au Mombasa. Kutoka hapo inapanda hadi kwetu huku chini ya Kilimanjaro, imepoteza karatasi zake zote, mara nyingine imepakwa rangi upya, na stika ya jina imebanduka. Yule aliyeichora hakuwa na habari za safari hiyo. Lakini safari hiyo ndiyo maisha ya kawaida ya chombo imara, na mbunifu asiyeiwaza amebuni nusu ya kazi.

Nitatoa mfano mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Mwalimu kijana wa shule ya msingi, jirani yangu, alinunua baiskeli ya mtumba ya aluminiamu kwa ajili ya kupanda kila asubuhi kwenda kazini. Kwa watu wa tambarare gia ni anasa. Kwa anayepanda mlima kwenda kufundisha, gia ndiyo baiskeli yenyewe. Siku moja kijiti kiliingia katikati ya cheni, mkono wa gia ukavutwa nyuma, kishikio kikakatika. Fremu haikupata hata mkwaruzo. Mkono wa gia ulikuwa mzima. Yaani kishikio kilifanya kazi yake sawasawa kama kilivyoagizwa na aliyekibuni, na kwa kufanya hivyo kikaifanya baiskeli nzima kuwa mapambo ya ukutani.

“Mwalimu,” fundi alimwambia, akikigeuza kile kipande mkononi, “hiki si cha kunyoosha. Na mwenzake hapa mjini sijamwona.”

“Hakuna kinachofanana nacho, fundi?”

“Kufanana vinafanana. Kuingia haviingii.”

Nimeyachukua maneno ya fundi huyo kama muhtasari bora wa somo zima, kuliko lolote nililolisoma.

Basi mtu hutafuta vipi kishikio sahihi? Hapa nitakawia kidogo, maana mwenye baiskeli anaweza kufaidika. Kwanza asikitupe kilichovunjika, hata kama kimekuwa vipande viwili. Kile ndicho cheti cha kuzaliwa. Akisafishe kwa mafuta ya taa na kukitazama pande zote mbili, maana wakati mwingine kina namba iliyogongwa, na namba hiyo ina thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye fremu. Kama hakina namba, akilaze juu ya karatasi nyeupe, akichore kwa penseli iliyochongwa vizuri kuzunguka ukingo na ndani ya kila tundu. Apime kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu jingine. Apime unene. Atazame kama bolti zinaingia kutoka ndani au kutoka nje, na kama kishikio kinakaa upande wa nje wa kinywa cha fremu au upande wa ndani, unaoelekea gurudumu. Atazame ekseli: je, inakaa katika mfereji ulio wazi kwa chini, kama baiskeli zetu nyingi, au ni ile nene ya milimita 12 inayopenya tundu lililofungwa pande zote? Katika aina hii ya pili mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu vishikio vingine vyenyewe ndivyo vyenye hesi inayoshika ekseli, na hesi hizo nazo zina hatua tofauti, nyingine milimita 1, nyingine 1.5, nyingine 1.75. Mtu anaweza kupata umbo sahihi kabisa na ekseli ikakataa.

Baada ya hapo ndipo alinganishe na picha za wauzaji, na asiridhike na kufanana. Ukingo unaweza kulingana kote na bado tundu la mkono wa gia likawa limesogea kuelekea ndani au nje. Kishikio cha namna hiyo kitaingia, bolti zitakaza, mwenye baiskeli atashukuru Mungu, kisha gia zitagoma na hatajua kwa nini. Jirani yangu aliagiza kimoja kutoka ng'ambo kwa muuzaji aliyemhakikishia kwamba ndicho. Kilifika baada ya wiki kadhaa. Bolti ya juu iliingia, ya chini haikuingia. Vishikio hivi huuzwa kati ya dola 15 na 40 za Kimarekani kila kimoja, na nauli ya kukisafirisha yaweza kuishinda bei yake. Kwa mshahara wa mwalimu, hilo si jaribio la kurudiwa mara tatu.

Mtu atauliza: usahihi huu wote wa nini? Si kipande cha kuning'inizia tu? La, na ni vizuri kueleza. Zamani mpandaji alibadilisha gia kwa kusogeza kijiti kidogo kidogo huku akisikiliza cheni, na kama kishikio kimepinda kidogo, mkono na sikio lake vilirekebisha bila hata yeye kufikiri. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilileta katika seti yake ya Dura-Ace utaratibu wa kubadilisha gia kwa mibofyo, mbofyo mmoja gia moja, na utaratibu huo ukaenea hadi kwenye baiskeli za bei ya chini. Tangu hapo si mpandaji anayeamua cheni isimame wapi. Ni hesabu. Katika baiskeli yenye sproketi saba nyuma, umbali kati ya sproketi na jirani yake ni milimita 5 hivi. Katika zile za kisasa zenye sproketi kumi na mbili, umeshuka hadi kama milimita 3.65. Sasa chukua kigurudumu cha juu cha mkono wa gia, kilichoko kama sentimita sita chini ya kishikio. Kishikio kikipinda digrii moja tu, pindo ambalo huwezi kuliona kwa macho, kigurudumu kile kinasogea takriban milimita moja, yaani zaidi ya robo ya nafasi yote iliyopo. Ndiyo maana mafundi wenye vifaa hupima kwa upau mrefu unaofungwa kwenye tundu la kishikio na kuzungushwa kulinganisha na rimu, juu, chini, mbele na nyuma, wakitaka tofauti isizidi milimita 4 pembezoni kwa gurudumu. Hata kishikio kipya hakiaminiwi mpaka kipimwe. Na kikipinda kuelekea ndani, siku mpandaji atakapoweka gia nyepesi kabisa, katikati ya mlima, mkono wa gia waweza kuingia kwenye spoki, na hapo hakuna kitakachobaki kizima.

Narudi kwa fundi, kwa sababu yeye ndiye msomaji mkuu wa kauli hii ninayoihakiki, na hakuna aliyemfikiria alipokuwa ikiandikwa. Fundi wa chini ya mwembe ana tupa, jiliwa, keekee, spana na akili. Kwa nini asichonge kishikio kutoka kwenye bamba? Umbo anaweza, na wapo wanaolichonga vizuri ajabu. Anakwama kwenye hesi. Chombo cha kukatia hesi ya milimita 10 kinachopatikana kwenye maduka yetu ya vifaa ni cha hatua ya kawaida, milimita 1.5. Mkono wa gia unataka hatua ya milimita 1. Anayelazimisha huharibu hesi ya mkono wenyewe, na badala ya tatizo moja anapata mawili. Wengine wanachonga kwa chuma, na wakiwa na bahati ya kupata hesi, kazi inatoka imara. Imara kupita kiasi. Fyuzi imeondolewa na msumari umewekwa mahali pake. Kijiti kingine kikiingia kwenye cheni, kishikio cha chuma hakitakubali kukatika, na kipigo kitakwenda kwenye mkono wa gia au, vibaya zaidi, kwenye fremu ya aluminiamu ambayo haichomeleki kwa moto wa kawaida wa gereji zetu. Simlaumu fundi. Amelazimishwa kuchagua kati ya baiskeli inayotembea leo na fremu itakayopona kesho, na mteja amesimama mbele yake leo.

Njia nyingine ni kuondoa gia zote, kufupisha cheni na kubaki na mwendo mmoja. Kwa fremu ngumu inawezekana. Kwa zile zenye springi nyuma haifai, maana umbali wa cheni hubadilika kila gurudumu linapopanda na kushuka, na cheni iliyofupishwa hukazika hadi ikakatika au ikalegea hadi ikadondoka. Iko njia ya tatu, na ndiyo iliyomtoa mwalimu: baiskeli za bei rahisi sana, zile ambazo wajuzi wanazidharau, mkono wao wa gia huja na kishikio chake chenyewe cha bati nene la chuma, kinachobanwa kwenye mfereji wa ekseli na ekseli yenyewe. Hakijali fremu ni ya nani. Fundi alikitoa kwenye baiskeli ya mtoto iliyokufa, akakifunga, akatumia mchana mzima kurekebisha waya na vikomo vya gia, na mwalimu akapanda mlima. Si kizuri. Kinalegea gurudumu likitolewa, na gia mbili za pembeni haziingii vizuri. Lakini katika uhakiki wangu kile kibati kinapata alama nyingi kuliko kishikio kilichokatika, kwa kuwa aliyekibuni alijiuliza swali ambalo mwenzake hakujiuliza: je, baiskeli atakayoikuta itakuwa ipi?

Swali hilo si geni kwetu. Baiskeli ya Phoenix ya kubebea mizigo, ile nyeusi yenye karia, haina gia hata moja na uzito wake unajulikana na kila mgongo. Lakini pini ya pedeli, spoki, rimu ya inchi 28, ngozi za breki, vyote vinapatikana katika soko la kijiji ambako hata dawa ya malaria haipatikani kila siku. Watu husema inadumu kwa sababu ni nzito. Mimi nadhani inadumu kwa sababu haina siri. Haikubuniwa upya kila mwaka, na kwa hiyo vipuri vyake vimekuwa kama sarafu, vinapokelewa kila mahali. Baiskeli ya aluminiamu ni bora kuliko Phoenix kwa kila kipimo cha maabara, na inashindwa naye kwa kipimo cha soko la Jumatano.

Haki inanitaka niseme kwamba wenye viwanda hatimaye waliliona. Mwaka 2019 kampuni ya Kimarekani SRAM ilitangaza kishikio kimoja cha wote, kikapewa jina fupi la UDH, na ikaviruhusu viwanda vingine vya fremu kuutumia mchoro wake bila malipo. Kuanzia baiskeli za mwaka uliofuata vilianza kuupokea kimoja baada ya kingine, na leo sehemu kubwa sana ya fremu mpya za milimani zinachorwa kwa ajili yake. Ni kazi nzuri, na si kwa sababu ya umoja wake tu. Kishikio kile kikipigwa huzunguka kurudi nyuma kidogo badala ya kukatika papo hapo, ili mkono wa gia upishe kipigo. Bolti yake inakazwa kinyume na kawaida, upande wa kushoto, jambo ambalo kila fundi wetu anapaswa kulijua kabla hajaishika, maana akiifungua kwa mazoea atakuwa anaikaza. Mtu mwenye fremu ya aina hii akiingia duka lolote zuri la baiskeli, awe Nairobi, Kigali au Cape Town, haulizwi jina la kiwanda wala mwaka. Hilo ndilo lililotakiwa kufanywa miaka thelathini iliyopita, na lilipofanywa halikuhitaji uvumbuzi wowote wa ajabu. Lilihitaji watu kukubaliana.

Hata hivyo nina neno moja. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilitoa mkono wa gia mpya uitwao Transmission, ambao hautumii kishikio kabisa. Unabana moja kwa moja kwenye fremu, mahali pale pale palipoandaliwa kwa ajili ya kishikio cha wote, na haukubali fremu ya aina nyingine. Kumbe nyumba ilijengwa kwa ajili ya wageni wote, na mjenzi alikuwa na mgeni wake akilini. Si ulaghai, maana kishikio cha wote bado kipo, na mkono wa kampuni yoyote bado unafungwa juu yake. Tena kiufundi hoja yao ina nguvu: kama kishikio ndicho kinachopinda, kiondoe, na hakutakuwa na cha kupinda. Ili mkono usivunjike kirahisi waliufanya mnene, na sehemu zake kadhaa zinaweza kubadilishwa moja moja. Mwanzoni ulikuwa wa umeme, wenye betri na bei ya kutisha. Mwaka 2025 ulikuja wa waya wa kawaida. Ila nauliza kama mhakiki, si kama mteja: hizo sehemu za kubadilishwa ni za nani? Kishikio cha zamani kilikuwa na mamia ya maumbo, na kwa hiyo kampuni yoyote ndogo yenye mashine iliweza kukiiga na kukiuza. Mkono huu una umbo moja na mwenye kuuza mmoja. Tulitoka kwenye vurugu, tukapita uwanja wa wote, na mlango unaofuata una jina la mtu juu yake.

Hayo ni ya baiskeli mpya. Zilizoko kwetu leo, na zitakazoendelea kuteremshwa bandarini kwa miaka mingi, ni zile za vurugu, na hakuna tangazo la 2019 litakalozirekebisha. Kwa mwenye nayo ninalo la kusema: atafute kishikio cha akiba wakati cha kwanza bado kizima, kwa sababu kizima kinapimika kwa uhakika na kilichopinda kinadanganya. Akikipata, akifunge kwa mpira chini ya kiti pamoja na spana yake ndogo. Kwa mafundi nimependekeza wawe na daftari: kila kishikio kinachopita mikononi mwao kichorwe ukingo wake, kiandikwe kimetoka baiskeli gani na kimepatikana wapi. Fundi wa mwalimu ameanza lake. Lina michoro kumi na moja ya penseli hadi sasa, na chini ya mitatu kati yake ameandika neno “sijui”.